Ukitaka Kuona Jangwa Likichanua, Fuata Mvua

Safari nyingi za kwenda kutazama maua ya Namaqualand huharibikia kwenye kalenda. Mtu ameona picha za mabonde yaliyojaa rangi ya chungwa mpaka macho yanapokomea, akauliza ni mwezi gani, akaambiwa Agosti na Septemba, basi akakata tiketi tangu Februari kwa vile nauli ilikuwa chini. Anafika, anakuta mawe, vumbi na vijimmea vilivyojikunyata. Hakudanganywa. Ila mvua ya mwaka ule haikunyesha ilivyopaswa, au ilinyesha vizuri na yeye akaangukia siku mbili za mawingu, maua yote yamefumba. Anayetaka kuiona nusu-jangwa ile ikichanua inabidi ajifunze kusoma mvua kwanza, kisha jua, na tiketi aiache mwisho.

Namaqualand iko kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini. Magharibi yake ni Bahari ya Atlantiki, kaskazini ni Mto Orange na Namibia ng'ambo, na barabara kuu ya N7 inaipasua katikati ikitokea Cape Town. Sehemu kubwa ya eneo hilo hupata mvua ya kati ya milimita 50 na 250 kwa mwaka mzima. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Lakini uchache si habari yote. Kwetu mvua huja na joto. Kule huja na baridi, ikitokea baharini kati ya Mei na Agosti, na japo ni kiduchu, miaka mingi haikosi kuja. Ukungu wa bahari nao huongeza unyevu wake. Ndiyo maana ukanda mpana unaoibeba Namaqualand, ambao wataalamu wa mimea huuita Succulent Karoo, una spishi zaidi ya 6,000 za mimea, na takriban asilimia 40 kati yake haioti mahali pengine popote duniani. Aliyezoea kufikiri kwamba jangwa ni mahali pasipo na kitu atalazimika kubadili mawazo.

Mwaka mzuri wa maua hujengwa hivi. Mvua ya kwanza ya maana inyeshe Aprili au Mei, iloweshe udongo kiasi cha kuziamsha mbegu. Yafuate manyunyu ya Juni na Julai, yasipishane sana, ili miche isife kwa kiu kabla haijafika popote. Halafu Agosti isiandamwe na upepo wa bara, ule upepo mkavu wa moto unaoteremka kutoka uwanda wa juu wa mashariki. Ukivuma siku mbili tatu mfululizo, bonde lililokuwa limepambwa hugeuka makapi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni mvua ya Mei ilikuwaje, na ile ya Juni je. Ukijibiwa kwamba Mei ilikuwa kavu na mvua ya kwanza ilichelewa mpaka Julai, ahirisha. Nasema hivyo nikijua kuahirisha kunauma. Kuna miaka ya ukame, kama ile ya kuelekea 2020, ambapo sehemu kubwa za Namaqualand hazikutoa chochote cha kumtoa mtu Nairobi au Mwanza.

Mimea yenyewe haiiamini mvua hiyo. Ua la chungwa linalotawala picha zote, Dimorphotheca sinuata, hutoa mbegu za aina mbili kwenye kichwa kimoja. Za katikati ni bapa, zina mabawa, hupeperushwa na upepo na huwa tayari kuota mvua ikinyesha. Za pembeni ni ngumu, hazina mabawa, na nyingi hulala ardhini zikisubiri. Mvua ikihadaa, ikanyesha mara moja kisha ikakatika, kundi la kwanza hufa na la pili huendelea kulala. Mkulima yeyote wa Dodoma aliyewahi kupanda mtama kwa awamu ataielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo wengi wanapojifunga. Ushauri wangu ni chumba kwanza, tiketi baadaye. Miji ya huko ni midogo. Kamieskroon ni barabara chache tu na kanisa, Springbok ndio mji mkubwa wa eneo hilo na hata huo ni wa kutembea kwa miguu. Vyumba vya Agosti na Septemba hushikwa miezi mingi kabla na Waafrika Kusini wenyewe, ambao huja kila mwaka uliokubali. Kwa hiyo shika chumba mapema, mahali wanaporuhusu kughairi bila faini. Kisha tulia. Mwishoni mwa Juni mpigie simu mwenye nyumba ya wageni, umuulize kama mabonde yameanza kuwa ya kijani. Julai miche ikifana, mwenyeji ataijua kwa kutazama dirishani, na atakwambia ukweli kwa sababu anataka urudi. Hapo ndipo ukate tiketi. Utalipa zaidi kidogo kuliko yule wa Februari, na utakuwa umenunua kitu chenye thamani zaidi.

Watanzania na Wakenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa ziara fupi, mpaka siku 90 kwa mwaka. Wengine wa kanda yetu waulize ubalozi mapema, maana masharti hutofautiana. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata kama unaambiwa huenda isiombwe. Na paspoti usiiache gestini unapokwenda hifadhini: hifadhi za taifa za Afrika Kusini zina viwango vitatu vya kiingilio, cha wenyeji, cha raia wa nchi za SADC na cha wageni wengine. Mtanzania na Mkongo wamo kwenye SADC, hivyo hulipa kidogo kuliko Mzungu aliye nyuma yao kwenye foleni, ila wathibitishe uraia. Mkenya na Mganda, poleni, ninyi ni wageni wengine.

Panga siku tano kule, pungufu ya hapo ni kamari. Sababu yenyewe ni jua. Maua mengi ya Namaqualand, hasa ya jamii ya alizeti, hayafunguki mpaka hewa ipate joto, kama nyuzi 18 hivi za selsiasi, na jua liwe linawaka waziwazi. Kwa kawaida hiyo ni kuanzia kama saa tano asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Nje ya muda huo, bonde lilelile lililo kwenye picha huonekana kama shamba la magugu ya kijani. Siku ya mawingu au ya upepo baridi hayafunguki kabisa. Kwa hiyo usijitese kuamka alfajiri kama uendaye kutazama simba. Kunywa chai taratibu, kula mayai yako, toka saa nne. Saa kumi unusu umeshamaliza kazi, na jioni ni ndefu.

Jambo la pili kuhusu jua ni mwelekeo, na hili hata wenyeji wa Cape Town wengine hawalizingatii. Maua hayo huligeukia jua. Kule kusini kabisa mwa bara, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Ukiendesha kwenda kaskazini, unaona migongo ya maua njia nzima. Ukiendesha kuja kusini, yanakutazama. Basi siku ya kwanza panda N7 moja kwa moja bila kusimamasimama, kilomita kama 560 kutoka Cape Town mpaka Springbok, saa sita hivi za barabara safi ya lami. Kisha teremka polepole siku zinazofuata, jua likiwa mgongoni. Mpangilio huo una faida nyingine: kaskazini na karibu na pwani maua hutangulia, milimani na kusini huchelewa, kwa hiyo unashuka pamoja na msimu.

Ukiwa Springbok, asubuhi moja iende Goegap, hifadhi iliyo nje kidogo ya mji, yenye vilima vya mawe ya matale na pundamilia wa milimani. Hapo utaona miti ya kokerboom, ile mishubiri mikubwa yenye gome la rangi ya dhahabu linalobanduka, ambayo Wasan walichimbua matawi yake yakawa podo za mishale. Goegap ni nzuri kwa mtu anayeanza, kwa sababu njia zake za miguu ni fupi na mimea ni ya aina nyingi mahali padogo. Kuhusu mji wenyewe, historia yake ni shaba. Simon van der Stel, kamanda wa Cape, alifika milima hiyo mwaka 1685 akitafuta madini ambayo Wanama walikuwa wakiyajua zamani, na uchimbaji wa kibiashara ulianza 1852. Mashimo bado yapo. Yaweke akiba kwa siku ya mawingu.

Kutoka hapo shuka kilomita 70 hivi mpaka Kamieskroon, kisha ushike barabara ya vumbi kwenda magharibi mpaka Skilpad, sehemu maarufu kuliko zote ya Hifadhi ya Taifa ya Namaqua. Picha uliyoiona, ile iliyokufanya usome makala hii, uwezekano ni mkubwa ilipigwa hapo. Mteremko mzima ni wa chungwa, na ukisimama juu yake saa saba mchana utaelewa kwa nini watu wazima hunyamaza. Nenda. Piga picha zako. Lakini nitakwambia jambo ambalo vipeperushi vya utalii hulipitia haraka: zulia lile limetandikwa juu ya mashamba ya zamani ya ngano. Deizi za chungwa hupenda udongo uliovurugwa, uliolimwa au kulishwa mifugo kupita kiasi, ambako vichaka vya asili viliondolewa. Zulia likiwa la rangi moja mpaka mbali, mara nyingi unatazama kovu la ardhi, japo ni kovu zuri mno. Ardhi ambayo haijaguswa haina zulia. Ina vichaka vifupi, mawe, na kati ya mawe kuna aina thelathini za mimea pale ulipodhani pana tatu.

Kwa hiyo, ukishatosheka na zulia, ondoka kwenye umati na upige magoti. Nazungumza kuhusu magoti kwelikweli. Mtu aliyesimama haoni chochote Namaqualand isipokuwa rangi. Chukua lenzi ndogo ya kukuzia, hata ile ya bei poa ya fundi saa, na uchague eneo la ukubwa wa mkeka.

Tafuta kwanza ua dogo la chungwa linaloitwa Gorteria diffusa. Kwenye baadhi ya petali zake kuna madoa meusi yaliyotuna, yana vinundu na vidoti vyeupe vinavyometa kama mgongo wa mdudu. Ni mdudu, kwa maana ya kwamba yupo anayeamini hivyo. Nzi dume wa aina ya Megapalpus hutua juu ya doa akidhani ni jike, akahangaika nalo, akapakaa chavua mwili mzima, kisha akaruka kwenda kutapeliwa na ua jingine. Ukikaa kimya dakika kumi karibu na kundi la maua hayo saa sita mchana, utamwona akija. Si kila ua lina madoa, na hata yenye madoa hayafanani: bonde moja yana madoa mawili matatu, jingine yanazunguka petali zote. Ukipita mabonde matatu, linganisha.

Kisha tafuta mimea minene ya ardhini, yenye majani kama vidole vilivyojaa maji. Mingi inabeba vifuko vya mbegu vya mwaka uliopita, vikavu, vigumu kama vifungo vya mbao. Chukua chupa yako, dondosha matone mawili ya maji juu ya kimoja kilichozeeka, usingoje sana. Ndani ya dakika chache kinafunguka chenyewe: vifuniko vinainuka na kulala nyuma kama nyota, na ndani unaziona mbegu zikiwa zimepangwa vyumbani. Tone jingine la mvua likidondoka, mbegu hurushwa nje. Kikikauka, hufunga tena. Mmea huo hautawanyi mbegu zake kwenye upepo. Husubiri siku yenye maji, siku ambayo mbegu itakuwa na nafasi ya kuota. Ukiwa na watoto, jaribio hilo litawafurahisha kuliko zulia lote la Skilpad.

Ukitazama mawe, tazama pia kama hayatembei. Kobe mdogo kuliko wote duniani anaishi kwenye miamba hiyo, Chersobius signatus, ambaye akikua kabisa hutosha kiganjani. Usimbebe. Kobe akiogopa huachia maji aliyohifadhi mwilini, na kule maji hayo ndiyo uhai wake.

Hapa lazima niseme habari isiyopendeza. Tangu mwaka 2019 hivi, wizi wa mimea minene ya Namaqualand umepamba moto. Wanunuzi walio mbali, Asia, Ulaya na Marekani, wanataka vijimmea kama Conophytum kwa ajili ya madirisha yao, na wakazi wasio na kazi hulipwa vijisenti kuvichimba. Mamia ya maelfu ya mimea imekamatwa mikononi mwa walanguzi, na kuna spishi zilizokuwa zinaishi kilima kimoja tu ambazo kilima chake sasa kimekwanguliwa. Kuchimba hata mmoja ni jinai. Kwa mgeni kuna wajibu mdogo unaomhusu moja kwa moja: zima utambuzi wa mahali kwenye kamera ya simu yako kabla hujapiga picha ya mmea mdogo wa ajabu, na usitaje kilima kwa jina unapoiweka mtandaoni. Picha ya zulia la deizi haina madhara. Picha ya Conophytum yenye alama ya mahali ni ramani ya mwizi. Na mtu akikupa mmea kando ya barabara akisema ni zawadi, mshukuru, umrudishie.

Kuhusu kukanyaga, kanuni ni moja: tembea kwenye njia, kwenye mchanga mtupu au kwenye mawe. Kulala chali katikati ya maua ili upigwe picha kumeshakuwa ugonjwa wa dunia nzima. Mwaka 2019 korongo la Walker, karibu na mji wa Lake Elsinore kule California, lilifurika watu waliofuata picha za aina hiyo mpaka vilima vikapata vijia vya vumbi visivyofutika, na maua yaliporudi kwa wingi mwaka 2023 mji ukalifunga korongo zima. Namaqualand haijafika huko. Tusiwe sisi wa kuifikisha.

Ukiendelea kushuka N7 utaingia Knersvlakte, uwanda kabla ya Vanrhynsdorp uliotapakaa kokoto nyeupe. Madereva wengi hukanyaga mafuta hapo kwa sababu hakuna cha kuona. Mimi ningesimama hapo kabla ya kusimama Skilpad. Kokoto hizo nyeupe hurudisha mwanga na kuufanya udongo uwe na ubaridi kidogo kuliko wa pembeni, na kati yake kumeota mimea yenye umbo la kokoto: Argyroderma, majani mawili ya kijivu yaliyobanana, makubwa kama yai la njiwa, yenye ua la zambarau au la njano linalotokea katikati. Jifunze kuona mmoja kwanza kabla hujapiga hatua ya pili. Baada ya kuuona mmoja, utagundua ulikuwa karibu kukanyaga hamsini.

Kutoka Vanrhynsdorp panda mlima kuelekea mashariki kilomita kama 50 mpaka Nieuwoudtville. Barabara inajipinda kwa kasi na mwinuko ni mkali, na ukifika juu hali ya hewa ni nyingine. Huku sifa kubwa si ya maua ya mbegu za mwaka mmoja. Ni ya matunguu, yaliyojificha ardhini miaka mingi na kuchomoza kila mvua ikirudi. Kuna mashamba ya Bulbinella, mishumaa ya njano na ya chungwa inayofika kiunoni, kwenye udongo mzito wa mfinyanzi. Bustani ya Taifa ya Mimea ya Hantam iko hapo, na zamani ilikuwa shamba la kondoo la familia ambayo iliwalisha kondoo kwa zamu zilizoyafaa maua. Nieuwoudtville huchelewa kuliko Springbok, hivyo ukisikia kaskazini msimu umepita, usikate tamaa, panda huku. Usiku kuna baridi kali. Nasisitiza baridi kwa sababu msomaji wa pwani akisikia "jangwa" hufungasha fulana. Agosti hewa ya usiku hushuka chini ya nyuzi 10 kirahisi, na nyumba nyingi hazina kipasha joto cha maana. Chukua sweta zito, soksi, koti la kukinga upepo, na kofia pana ya mchana, kwa kuwa saa saba jua linachoma kama kawaida.

Gari dogo la kawaida linatosha kwa njia zote nilizozitaja, mradi mvua haijaharibu barabara za vumbi. Kule huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, na leseni yenye picha iliyoandikwa kwa Kiingereza inakubalika, ila iulize kampuni ya kukodi kabla hujalipa. Kwenye changarawe usizidi kilomita 60 kwa saa. Madereva wetu waliozoea rafu za vijijini hudhani wanaijua changarawe. Hii ni ya juujuu, inateleza kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni, na gari hupinduka kwenye kona iliyonyooka machoni. Kagua tairi la akiba ukiwa bado Cape Town, na jeki iwepo. Jaza mafuta kila mji. Mtandao wa simu unakatika nje ya N7, hivyo pakua ramani mapema. Kondoo, mbuzi na kobe huvuka wanapotaka.

Chakula cha mjini kitakuwa nyama ya kondoo, viazi na mkate wa kuchoma juu ya makaa, vyote vitamu. Kwa anayekula halali, Cape Town haina tatizo lolote, kuna maduka na mikahawa kila kona. Lakini ukishavuka mji wa Clanwilliam ni vigumu, basi sheheneza kisanduku chako kabla ya kuondoka. Migahawa hufunga mapema, na Jumapili mingine haifunguliwi kabisa. Gestini Kiingereza kinaeleweka. Vijijini lugha ni Kiafrikaana. Salamu kwanza, shida baadaye, kama kwetu. Ukipata mwenyeji wa Leliefontein, kijiji cha Wanama kilicho juu kwenye milima ya Kamiesberg, akakubali kukutembeza, mlipe vizuri bila kuvutana bei. Majina na matumizi ya mimea anayoyajua ni ya vizazi, na asubuhi moja pamoja naye inaizidi wiki moja ya kusoma mabango.

Aliye Cape Town kwa mkutano na ana siku moja tu ya ziada asijaribu kwenda Springbok na kurudi, atachoka bure. Aende Postberg, sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya West Coast karibu na Langebaan, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Hufunguliwa Agosti na Septemba pekee, na maua hushuka mpaka karibu na maji ya wangwa, swala na pundamilia wakiwa katikati yake. Wikiendi foleni ya magari langoni hukera, hivyo achague siku ya kazi. Njiani asimame Darling, kwenye hifadhi ndogo ya Tienie Versfeld iliyo kando ya barabara, isiyo na kiingilio. Hapo mtu anaruka kijidaraja cha uzio na anaingia.

Wengi wakiondoka hutaka kubeba mbegu. Za porini hazichumwi. Nunua pakiti iliyofungwa kwenye duka la bustani, na kabla ya kusafiri nayo ulizia kibali cha kuingiza mbegu na cheti cha afya ya mimea: Tanzania kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya kwa KEPHIS. Bila karatasi hizo pakiti huishia pipani pale uwanja wa ndege. Dimorphotheca sinuata hukubali Lushoto, Njombe, Limuru, mahali popote penye usiku wa baridi. Sia masika yanapoelekea ukingoni, kwenye udongo wa kichanga unaopitisha maji, juani kabisa, na samadi usiweke, maana utavuna majani matupu. Mwagilia kwa mkono mwepesi. Pwani usijaribu, joto la usiku litaiua kabla haijatoa ua la kwanza, na huko asumini inakutosha.